Kovu la adui: uchambuzi wa kampeni ya "Mimi si adui wenu"

Aliyezoea sinema hahitaji kuambiwa nani adui. Anapoingia mtu mwenye kovu lililotoka jichoni hadi shavuni, ukumbi mzima umeshamjua hata kabla hajafungua kinywa. Steringi naye anaweza kuanguka ghorofani na kupita katikati ya moto, akatoka na mkwaruzo mmoja juu ya nyusi, nao utakuwa umepona kabla ya sehemu ya pili.

Novemba 2018 shirika la Changing Faces la Uingereza, linalohudumia watu wenye makovu, alama na hali nyingine zinazoubadili uso au mwili, lilianzisha kampeni dhidi ya mtindo huo. Kwa Kiswahili jina lake ni "Mimi si adui wenu". Mwezi huohuo BFI, yaani Taasisi ya Filamu ya Uingereza, ikawa taasisi ya kwanza kukubali: haitafadhili filamu ambayo ubaya wa mhusika unaonyeshwa kwa makovu au tofauti ya uso. Dai lilikubaliwa mapema kuliko madai mengi ya aina hii. Miaka mitatu baadaye ikaonekana kwamba halikufika kule ambako watazamaji wengi zaidi walikuwa wamekaa. Kisa hiki kinafaa kuchambuliwa kwa pande zote mbili.

Kovu linaingiaje kwenye filamu

Mwaka 2017 jarida la kitabibu la JAMA Dermatology lilichapisha makala ya madaktari waliochukua orodha ya mashujaa na maadui wakubwa wa sinema iliyotolewa na Taasisi ya Filamu ya Marekani. Waliwapima kumi wa kwanza wa kila upande kama daktari anavyompima mgonjwa: nywele, makovu, makunyanzi, chunjua, weusi kuzunguka macho. Maadui 6 kati ya 10 walikuwa na dalili za ngozi zinazoonekana waziwazi. Kwa mashujaa, 0. Sampuli ya wahusika 20 ni ndogo, na anayejenga hoja yake yote juu yake atabanwa na swali la kwanza tu. Faida yake ni kwamba imetoka kwa watu wasio na dai lolote mezani. Walikuwa wanahesabu ngozi.

Wengi wanaoandika barua za malalamiko hawajui kwamba kovu la sinema si lazima liwe kwenye mswada wa filamu. Mwandishi anaweza kuandika "mwanaume wa miaka hamsini, mtulivu, mkatili", basi. Kovu huzaliwa baadaye, pale mbunifu wa wahusika anapochora, au kwenye chumba cha mapambo. Mpambaji hupaka kolodioni, kimiminika ambacho kikikauka huivuta ngozi ikabonyea kama jeraha la zamani. Kwa uharibifu mkubwa zaidi hutengeneza kipande cha silikoni kilichofinyangwa juu ya nakala ya uso wa mwigizaji. Kisha hufanyika jaribio mbele ya kamera, mwongozaji wa filamu akaitikia kwa kichwa, na adui amepatikana. Kwa hiyo sharti linalokagua mswada peke yake litapitisha filamu safi kwenye karatasi na chafu kwenye skrini. Tutalirudia jambo hili mwishoni, maana ndilo tundu kubwa kuliko yote.

Kilichokuwepo kabla ya 2018

Anayeitazama kampeni hii kwa juu huona mabango na alama ya reli mtandaoni, akadhani kazi ilikuwa ya wiki chache. Changing Faces ilianzishwa mwaka 1992 na James Partridge, aliyeungua vibaya kwenye ajali ya gari mwaka 1970 akiwa na miaka 18. Kati ya 1992 na 2018 kuna miaka 26, na sehemu kubwa ya miaka hiyo haikuwa ya kupiga kelele.

Ilikuwa ya huduma. Mtu mwenye baka la kuzaliwa au kovu la moto hatafuti harakati siku ya kwanza. Anatafuta namna ya kupanda basi asubuhi. Mbinu moja inayofundishwa na shirika hilo ni ya hesabu ya kushuka, tatu, mbili, moja: uwe na mambo matatu ya kufanya mtu akikukodolea macho, mawili ya kusema akikuuliza, na moja la kuwaza hali ikichafuka. Inaonekana ya kitoto mpaka uijaribu. Anayekukodolea anakunyima muda wa kufikiri, na jibu lililoandaliwa nyumbani ndilo pekee linalotoka kwa sauti ya kawaida. Mwaka 2011 shirika lilipokea pia, kutoka Shirika la Msalaba Mwekundu la Uingereza, huduma ya kufundisha watu kupaka krimu za kufunika alama za ngozi. Wapo wanaharakati wanaoona aibu kuwa na huduma ya kuficha alama chini ya paa moja na kampeni ya kuzionyesha. Sisi hatuoni mgongano. Mtu anayejua kwamba anaweza kufunika kovu lake Jumatatu ndiye anayeweza kuchagua kutolifunika Ijumaa.

Sheria nayo ilikuwa imetangulia. Sheria ya Uingereza ya 1995 dhidi ya ubaguzi wa watu wenye ulemavu, na baadaye Sheria ya Usawa ya 2010, humhesabu mwenye uharibifu mkubwa wa sura kuwa mtu mwenye ulemavu bila kumtaka athibitishe kwamba anashindwa kufanya shughuli za kila siku. Michoro ya ngozi na matundu ya mapambo hayamo. Neno la sheria, "uharibifu wa sura", halipendwi na wengi wanaolindwa nalo. Dawa yake ni kuwa na misamiati miwili bila kuona haya: barua ya wakili hutumia neno la sheria kama lilivyo, kwa sababu ukilibadilisha unampa mwajiri nafasi ya kusema huzungumzii kitu kimoja na yeye, kila mahali pengine kundi hutumia maneno yake.

Kulikuwa pia na jaribio la hadharani. Mwaka 2008 shirika lilianza kampeni ya usawa wa nyuso, na Novemba 2009 Partridge alisoma habari za mchana za chaneli ya Five kwa wiki moja. Hakusoma habari kuhusu makovu. Alisoma habari za siku hiyo. Mtazamaji wa Jumatatu huenda aliona kovu. Mtazamaji wa Ijumaa alikuwa anasikiliza habari. Ndiyo sababu wiki nzima ina thamani kuliko mahojiano ya dakika tano, ambayo humalizika kabla jicho halijazoea.

Kwa nini dai hili, na si jingine

Kundi la watu wenye tofauti za uso halina umoja wa kuzaliwa nao. Ndani yake yumo aliyeungua akiwa mtu mzima, aliyezaliwa na mdomo uliopasuka, mwenye vitiligo (mabaka meupe ya ngozi), mwenye uvimbe wa neurofibromatosi (hali ya kinasaba inayootesha uvimbe kwenye neva), aliyepooza upande mmoja wa uso baada ya kutolewa uvimbe, aliyepoteza jicho kwa saratani. Mpasuko mkubwa kabisa ni kati ya waliopata hali yao maishani na waliozaliwa nayo. Wa kwanza anaomboleza uso aliokuwa nao. Ana picha ukutani za mtu mwingine mwenye jina lake. Wa pili hajawahi kuwa na uso mwingine, na anachoka kuulizwa kama angependa "kurekebishwa". Waweke chumba kimoja bila maandalizi na mmoja atasema "nataka uso wangu urudi", mwingine atasikia amedharauliwa. Kaulimbiu za aina ya "penda uso wako" huwaumiza watu humohumo ndani kabla hazijatoka nje. Mwenye upasuaji wa kumi na mbili wiki ijayo hajui aipokee vipi.

Dai la 2018 lilipita juu ya mpasuko huo. Halikumtaka mtu yeyote akubaliane na mwenzake kuhusu uso wake mwenyewe, upasuaji, krimu wala kioo. Anayeuchukia uso wake na anayejivunia wake wote wawili wanaweza kusema, bila kumeza neno, kwamba hawataki mtoto aliyeungua aitwe jina la adui wa sinema kwenye uwanja wa shule. Tukiulizwa kitu kimoja kilichoifanya kampeni hii ishikamane, tutakitaja hiki kabla ya mabango yote.

Upande wa pili wa meza, dai lilikuwa na sifa tatu ambazo mpokeaji alizihitaji. Lilimhusu mtu mmoja anayejulikana: BFI hugawa fedha za Bahati Nasibu ya Taifa kwa filamu, na kukubali au kukataa maombi ni kazi yake ya kila siku. Lilijibika kwa ndiyo au hapana. Tena lilifanana na kitu ambacho taasisi ilikuwa tayari inakifanya, kwani tangu 2014 BFI ilikuwa na viwango vya ujumuishi ambavyo mwombaji wa fedha hutakiwa kuvitimiza. Kuongeza jambo kwenye njia iliyopo ni rahisi kuliko kumwomba mtu afungue njia mpya. Lingekuwa "tasnia ya filamu iheshimu watu wenye makovu", lingepokewa kwa tabasamu na kuwekwa kabatini, maana hakuna ofisi inayoitwa tasnia.

BFI ilikuwa pia na mfano wa kuonyesha. Dirty God ya 2019, iliyopata fedha zake, ina mhusika mkuu aliyeunguzwa, na aliyemwigiza ni Vicky Knight, aliyeungua kwenye moto akiwa na miaka 8. Kovu lake halikutoka kwenye chupa ya kolodioni. Ahadi ya kutofanya kitu hubaki nusu kama hakuna kinachofanyika badala yake.

Kumweka mtu mbele ya kamera

Harakati nyingine zinaweza kutuma msemaji yeyote. Hii haiwezi, hoja iko usoni. Kinachomchosha mtu kila siku barabarani, yaani kutazamwa, ndicho anachoombwa akifanye kwa hiari mbele ya maelfu. Kampeni ya 2018 ilitumia watu halisi wenye makovu na alama halisi, na kila kundi litakaloiga litafika hapahapa. Yafuatayo ndiyo tunayoyashikilia.

Usimwombe mtu ambaye kovu lake bado halijakomaa. Kovu la moto huendelea kubadilika kwa mwaka mmoja hadi miwili: hupoa wekundu, hulainika au hukaza. Picha ya leo inaweza isiwe uso wake wa mwakani, naye atakuwa amefungwa na bango la uso alioupita. Hilo ni mbali na kwamba huenda bado anajifunza kujitazama.

Ridhaa iombwe mara tatu: kabla ya kupiga picha, baada ya kuiona picha pamoja na maneno yatakayoandikwa chini yake, na siku moja kabla ya kutoka hadharani. Kila mara awe huru kujitoa bila kueleza sababu. Uhuru huo ni wa kweli tu kama kujitoa kwake hakuangushi kazi, kwa hiyo mabango yakihitaji nyuso 6, andaa 9. Kundi lililoandaa 6 kamili litajikuta usiku wa mwisho linambembeleza mtu, na hapo ridhaa imeshakufa. Kwa mtoto, saini ya mzazi haitoshi hata kama sheria inaikubali, kwa kuwa picha itakuwa bado ipo mtandaoni mtoto huyo akiwa na miaka 25.

Taa ya pembeni huchimba kovu, taa laini ya mbele hulifuta. Mpiga picha asiyeambiwa atachagua mojawapo kulingana na anavyotaka wewe ujisikie. Chagua mwanga mmoja na uutumie kwa wote. Aliyepooza uso asiambiwe atabasamu. Picha za "kabla na baada" zikataliwe kwa maandishi, mapema, kwa sababu mwandishi wa habari ataziomba saa moja kabla ya kwenda hewani, akiwa na haraka, na mhusika akiwa na hofu.

Swali la "nini kilikupata?" halikwepeki. Wanaokataa kulijibu hugeuka habari ya mtu mgumu, na wanaolijibu kwa kirefu hugeuka habari ya ajali. Sentensi mbili zinatosha: "Niliungua nikiwa mtoto. Leo nimekuja kuzungumzia filamu." Ziandaliwe na mhusika mwenyewe, zitamkwe kwa sauti mara kumi na mtu mwingine akimkatiza makusudi, mpaka zitoke hata akiwa amekasirika.

Maoni ya mtandaoni yasimamiwe na watu wawili kwa zamu katika siku tatu za kwanza, na mwenye picha asiwe mmoja wao. Kosa la kawaida ni kufuta tusi upesi. Tusi lililofutwa kabla ya kuhifadhiwa kama picha yenye tarehe na jina la akaunti haliwezi kupelekwa polisi wala kwa wenye mtandao. Kisha mpigie mhusika siku ya 1, ya 7 na ya 30. Ya 30 ndiyo inayosahaulika, na ndiyo muhimu: kelele zimeisha, simu zimenyamaza, na yeye anapanda basi lilelile.

Mikutano ya ndani ina madogo yake yanayovunja makundi bila mtu kujua kwa nini. Mwenye sindromu ya Möbius hawezi kusogeza misuli ya uso, na msimamizi aliyezoea kusoma nyuso atamwona amechoka au ameudhika. Uliza kwa maneno. Wengi wenye sindromu ya Treacher Collins, hali ya kuzaliwa inayobadili mifupa ya uso, wana tatizo la kusikia kwa sababu ya maumbile ya masikio yao, hivyo chumba chenye mwangwi kinawafukuza. Mwenye kovu lililokaza midomo anahitaji mrija na chakula laini, na asipovikuta hatakula mbele za watu wala hatasema sababu. Watu 8 hadi 12 wanatosha kwa kikao kimoja. Wasimamizi wawe wawili, ili mtu akitoka nje akilia, mmoja amfuate bila kikao kusimama.

Mahali dai halikufika

Septemba 2021 filamu ya James Bond, No Time to Die, ilizinduliwa London. Ilikuwa na maadui watatu wenye alama: mkuu wao mwenye uso ulioharibika, wa zamani mwenye kovu jichoni, na mamluki mwenye jicho la bandia. Changing Faces ililalamika hadharani. Filamu ilionyeshwa dunia nzima kama ilivyo.

Upigaji wake mkuu ulianza Aprili 2019, yaani miezi mitano baada ya ahadi ya BFI, kwenye tasnia ileile. Hawakuvunja ahadi yoyote, kwa sababu hawakuwa wametoa yoyote na hawakuhitaji fedha za bahati nasibu. Sharti la mfadhili hufika pale senti yake inapofika na husimama hapo. Filamu zinazotegemea fedha za umma mara nyingi ni ndogo, na wabunifu wake ndio hasa wasiopenda njia za mkato. Zile zinazowafikia watoto wengi zina mfuko wao.

Hilo halifanyi dai la 2018 kuwa bure. Bila ahadi ya BFI, malalamiko ya 2021 yangeonekana ni kinyongo cha wachache. Kwa kuwa taasisi ya filamu ya taifa ilikuwa imeshasema mtindo huo haufai, waandishi walikuwa na kipimo cha kumuulizia mtayarishaji. Ila wakati wa uzinduzi ni kuchelewa mno. Filamu imekamilika, na hakuna tena wa kubadilisha kitu. Mahali pa kubisha hodi kwa kampuni kubwa ni kwenye vyama vya wapambaji na wabunifu wa wahusika, na shule zinazowafundisha kolodioni, kwa kuwa huko ndiko adui anapopata kovu lake.

Kuna pia pingamizi ambalo wanaharakati hulipuuza kimakosa: je, mwigizaji mwenye kovu hataruhusiwa kuigiza mtu mbaya? Likisomwa kizembe, sharti linaweza kumfungia mlango yuleyule linayemtetea. Mwigizaji mwenye uso tofauti ana haki ya kuigiza mwizi, hakimu, mpenzi na mjinga. Kinachokataliwa ni kovu kufanya kazi ya mswada.

Dai likiandikwa upya

Ahadi ya 2018 ilikuwa tangazo. Kundi linalotaka kupeleka dai kama hili kwa mfadhili mwingine lidai kifungu cha mkataba, chenye maneno ya aina hii:

"Mpokeaji wa fedha hatatumia kovu, alama au tofauti ya uso au mwili, iwe kwenye mswada, mchoro au mapambo, kama ishara ya ubaya wa mhusika. Kifungu hiki hakimzuii mwigizaji mwenye tofauti ya uso kupewa nafasi yoyote. Mpokeaji atawasilisha mswada kabla ya malipo ya kwanza, na picha za jaribio la mapambo kabla ya siku ya kwanza ya kupiga filamu. Mfadhili atatangaza kila mwaka orodha ya filamu alizozifadhili na idadi ya zilizohojiwa chini ya kifungu hiki."

Sentensi ya picha za mapambo ndiyo watakayotaka kuiondoa, kwa hoja kwamba ratiba ni finyu. Msikubali. Pendekezeni wasomaji wawili, mmoja aliyezaliwa na tofauti yake na mmoja aliyeipata maishani, walipwe kama wasomaji wengine wa miswada, na wajibu ndani ya siku 5 za kazi. Jaribio la mapambo kwa kawaida hufanyika kabla kamera haijaanza kazi rasmi, wakati ambapo kuondoa kipande cha silikoni bado ni kazi ya asubuhi moja.